Hatua za jirani wa juu zinaingia ndani ya biro yako: namna ya kupunguza kelele ya sakafu

Katika miji yetu ya mashariki, majumba ya etaje yanazidi kupanda. Goma, Bukavu, Butembo, Bunia: chini unakuta duka ao farmasi, etaje ya kwanza kooperative ya akiba na mikopo ao biro ya avoka, juu yake tena shule ya lugha, chumba cha maombi ao shirika fulani. Mtu anayetafuta biro ya kupanga anaangalia bei, garanti, maji, umeme na kama paa haivuji. Ni wachache wanaouliza nani anakaa juu, na miguu ya huyo wa juu inakanyaga kitu gani. Jibu linakuja lenyewe juma la kwanza: ko-ko-ko ya viatu vya talo, krrr ya kiti kinachovutwa, kishindo cha mtu aliyeangusha kitu kizito, na watoto wa kliyenti wakikimbia katika kolidoo.

Wengine wanasema hiyo ni maisha ya mujini, utazoea. Kusema kweli, masikio hayazoei vizuri kelele ya namna hiyo, kwa sababu haina mpango. Kelele ya mvua inadumu sawasawa na mtu anaisahau. Lakini kishindo kinachokuja bila kutangaza kinakata mawazo kila mara. Kesiye anayehesabu noti anarudilia kuhesabu. Mwenye kuandika raporti anasoma sentensi moja mara tatu. Na kama chumba cha chini ni studio ya radio, hatua ya mtu mmoja inaingia katika mikro na kuharibu emisio nzima, maana mikro nzuri inasikia kuliko mtu.

Tena kuna jambo la amani kati ya wapangaji. Wa chini anapanda ngazi, anabisha mlango: "Papa, samahani, viti vyenu vinatusumbua." Wa juu anashangaa: "Lakini mama, sisi tunatembea tu, kwani tutembee hewani?" Wote wawili wako na haki. Kosa haliko kwa miguu. Kosa liko katika sakafu, na mara nyingi mwenye jumba ndiye alijenga bila kufikiria.

Kelele mbili, dawa mbili

Watu wengi wanachanganya mambo mawili, na ndiyo maana wanatupa feza bure. Kuna kelele inayopita katika hewa: sauti ya mtu, radio, muziki. Inapiga ukuta ao plafo, inautikisa kidogo, na upande wa pili unasikia. Halafu kuna kelele ya kugonga, ile ambayo mainjinieri wanaita kwa Kifaransa bruit d'impact. Hapa kitu kinapiga sakafu yenyewe: kisigino, mguu wa kiti, kitu kilichoanguka, gurudumu la kigari cha makaratasi. Nguvu haipiti kwanza katika hewa. Inaingia moja kwa moja ndani ya beto, beto inatikisika, na chumba kizima cha chini kinageuka kuwa tumbo la ngoma.

Mufano wa ngoma si wa kupamba maneno, ndivyo mambo yanavyotendeka. Ngozi ya ngoma ni dale. Fimbo ni kisigino. Sauti unaisikia chini, si juu, na yule anayetembea hajui kabisa anafanya kelele gani, kwa sababu kwake hatua inasikika ndogo tu.

Tena beto iko ngumu na inabeba mtikisiko mbali sana. Katika hewa sauti inakwenda karibu metre 340 kwa segonde. Katika beto inapita metre 3 000. Ndiyo maana fundi anayetoboa ukuta kwa mashini etaje ya tatu anasikika mpaka chini, na kila mtu anafikiri iko kwa jirani yake wa karibu. Mtikisiko unateremka kwa dale, unaingia kwa nguzo na kuta, unatokea popote.

Sasa, kila mtu katika inchi hii anajua dawa, hata kama hajaiita kwa jina. Mama anayetwanga sombe ndani ya nyumba ya etaje akiweka gunia lililokunjwa chini ya kinu, jirani wa chini anapumua. Mtwangio ni uleule, nguvu ni ileile, lakini kati ya kinu na dale kumeingia kitu laini. Kila matengenezo tutakayosema hapa chini ni gunia chini ya kinu, imefanywa kwa njia ya kudumu.

Beto nene haitoshi

Mwenye kujenga akisikia habari hii anasema: basi nitaongeza unene wa dale. Tufanye hesabu kidogo. Kuna formule ambayo mainjinieri wa Ulaya wanatumia kwa kukadiria kelele ya kugonga inayopita katika dale tupu, na inategemea uzito wa metre karé moja. Dale ya beto ya santimetre 15 inapima karibu kilo 350 kwa metre karé. Inaachilia chini karibu desibeli 75. Ya santimetre 20, kilo 480 hivi, inaachilia karibu 70. Na ukiamua kuongeza mara mbili, kutoka santimetre 15 mpaka 30, unapunguza desibeli 10 tu. Fikiria sima, ferabeto na mchanga wa kazi hiyo, na uzito wote ambao nguzo zitabeba.

Desibeli 10 ni nini? Kwa sikio la mtu, ni kama kelele imepungua nusu. Si kitu kidogo, lakini kwa bei hiyo ni hasara. Tabaka ya santimetre 2 ya kitu laini, ikiwekwa pahali pake na kufunikwa vizuri, inaweza kupunguza desibeli 25 na zaidi.

Hizo namba zinapatikana namna gani? Katika laboratware wanaweka juu ya sakafu mashini ndogo yenye nyundo 5. Kila nyundo inapima gramu 500, inaangushwa kutoka santimetre 4, na zote pamoja zinapiga mara 10 kwa segonde. Mashini inagonga juu, mupimaji anakaa chini na aparei yake. Kwa hiyo angalia vizuri maana hapa wauzaji wanachanganya watu, wengine bila kujua: namba ya sakafu nzima inayopimwa chini, kadiri iko ndogo ndivyo iko muzuri. Lakini namba inayoandikwa kwa tapi ao kwa tabaka laini, inayoonyesha desibeli ngapi kitu hicho kinapunguza, kadiri iko kubwa ndivyo iko muzuri. Ufaransa, kwa nyumba mpya za kukaa, sheria ya mwaka 1999 inaomba kelele inayofika kwa jirani isipite desibeli 58. Ile ni ya nyumba za Wafaransa, si biro za Bukavu, lakini inasaidia kuona umbali: dale yetu tupu ya santimetre 15 yenye karo juu iko mbali sana na pale.

Na karo, tuseme wazi, haipunguzi kitu. Ni ngumu kama beto yenyewe. Karo inang'aa, inasafishika, wateja wanaisifu, na jirani wa chini anaisikia kila siku.

Kosa la alveole za mayai

Ukiingia katika studio nyingi ndogo, na hata katika biro fulani, utakuta plafo imebandikwa alveole za mayai ao vipande vya musi. Watu wanaamini zinazuia kelele kutoka juu. Hazizuii. Vitu hivyo vinafanya kazi ingine: vinapunguza kidogo mwangwi ndani ya chumba, ile sauti inayorudi kutoka kwa kuta. Alveole haina uzito, na kelele ya hatua haiji kwa hewa peke yake. Dale imekwisha kutikisika, kuta nazo zinatikisika. Ni sawa na kuvaa koti kwa kuzuia tetemeko la ardhi. Tena alveole ni karatasi kavu, na musi ya matela inawaka haraka sana na kutoa moshi wa sumu. Katika chumba chenye nyaya za umeme zilizofungwa-fungwa, hiyo ni hatari kuliko kelele.

Je, plafo ya kuning'iniza inasaidia? Ndiyo, kiasi. Plafo nzito ya plasta, inayoning'inia kwa vifungo vyenye mpira ao springi, na pamba ya mawe kati yake na dale, inapunguza. Lakini kelele inayoteremka kwa kuta inazunguka plafo na kuingia tu. Plafo ya triplex iliyopigiliwa moja kwa moja kwa mbao zilizoshikwa na dale, hiyo iko karibu bure. Mufundi wazuri wanajua kanuni hii: kelele ya kugonga inauawa pale inapozaliwa, juu, chini ya miguu. Mwenye kusumbuliwa yuko chini, lakini kazi iko kwa mwingine. Ndiyo ugumu wote wa mambo haya, na ndiyo maana mwenye jumba lazima aitwe katika mazungumzo.

Kuanza na bei ndogo

Kabla ya kuvunja sakafu, kuna kazi ya siku moja. Viti na meza: chini ya kila mguu weka kipande cha feutre ao cha mpira. Mpira wa ndani wa gurudumu ya motari iliyochakaa, ukikatwa viduara na kubandikwa kwa kola nguvu, unafanya kazi nzuri, na kwa karakara zote za motari unaupata. Shida yake ni kwamba unatoka baada ya miezi, hivyo mtu mmoja apewe kazi ya kuangalia. Viti vya magurudumu magumu ya plastiki vinasumbua sana kwenye karo. Kuna magurudumu ya mpira laini ya kubadilisha, ama kuweka kitapi chini ya kila meza. Mlango unaojipiga na upepo utiwe kizuizi cha mpira. Na kolidoo, ambako watu wote wanapita kutwa nzima, inafaa kuwekewa tapi ndefu mbele ya mahali pengine popote.

Grupe ya umeme na pompe ya maji ni habari ingine. Vitu hivyo havigongi mara moja, vinatetemesha dale muda wote vinapowaka. Grupe ipelekwe chini, nje, juu ya udongo, mbali na jumba. Moshi wake peke yake ni sababu ya kutosha. Pompe ikilazimika kubaki kwenye etaje, iwekwe juu ya vipande vya mpira nene, na bomba yake iunganishwe kwa kipande cha tiyo laini. Bomba ngumu iliyofungwa kwa ukuta itabeba mtetemo hata kama pompe imekaa juu ya godoro.

Hatua ya pili ni kufunika sakafu. Tapi ndiyo mshindi: tapi ya kweli yenye manyoya na mgongo mzuri inapunguza desibeli 20 mpaka 30 kwa hatua za watu, na kazi yake ni kutandika tu. Lakini tusidanganyane. Goma vumbi ya mawe ya volkano inaingia kila mahali, msimu wa mvua watu wanakuja na matope, na maji ya kusafisha tapi haipatikani kila siku. Tapi isiyosafishwa inageuka shamba la vijidudu na inakohoza watu. Kwa chumba cha mikutano ao biro ya mukubwa inafaa. Kwa chumba cha kupokelea wateja mia moja kwa siku, haifai.

Pale lino inaingia. Hapa tena kuna ulaghai mdogo. Lino nyembamba, ngumu, ile inayouzwa kwa metre kwenye soko na inapasuka ukiikunja, inapunguza desibeli chache tu. Ingine iko na tabaka ya musi nyuma, na ile iliyotengenezwa kwa kazi ya kupunguza kelele inafika desibeli 15 na zaidi. Namna ya kutofautisha bila karatasi yoyote: finya kwa kidole gumba. Ikiingia na kurudi, iko na kitu laini ndani. Ikikataa kuingia, umenunua rangi tu. Na ile inayoingia bila kurudi nayo usiichukue. Miguu ya meza itaitoboa, na ikisha kubonyea haifanyi tena kazi.

Shape inayoelea

Matengenezo makubwa, yale yanayofanywa vizuri wakati wa kujenga ao wa kurekebisha jumba lote, yanaitwa shape inayoelea. Jina linasema ukweli: ile sakafu ya sima tunayokanyaga haishikani na dale wala na kuta, inakaa juu ya tabaka laini kama pirogi juu ya ziwa. Uzito wake na ulaini wa tabaka vinafanya kazi pamoja. Shape nzito juu ya kitu laini haipendi kutikisika haraka, kwa hiyo kishindo kinakufa pale.

Kazi inaanza kwa kufagia dale. Hili linaonekana jambo la watoto, lakini kajiwe kamoja kakibaki, ama donge la sima lililokauka, litatoboa tabaka na kuunganisha shape na dale. Kama kuna bomba ao nyaya zimepita juu ya dale, zifunikwe kwanza na mchanga wa sima mpaka pawe sawa, ili tabaka lisikatike.

Halafu kando ya kila ukuta, kila nguzo na kila fremu ya mlango, unasimamisha utepe laini, musi nyembamba ya polietileni kwa mufano, unaopanda juu kupita mahali karo itafika. Utepe huu ndio mafundi wengi wanauruka, kwa kuwa hakuna mtu atauona. Bila huo kazi yote imekufa.

Ndipo linatandikwa tabaka lenyewe. Duniani watu wanatumia pamba ya mawe ao ya vioo iliyoshindiliwa kwa kazi ya sakafu, mati za mpira uliosagwa kutoka pne za zamani, lieji ambayo ni ganda la mti, na musi maalumu za polietileni. Frigolite nyeupe ya kawaida, ile inayokuja na karto ya televizio, iko ngumu kwa kazi hii. Inazuia joto lakini kishindo kinapita. Musi ya matela nayo hapana: inakufa chini ya uzito, na tumesema habari ya moto. Vipande vya tabaka vinakutanishwa pembe kwa pembe bila nafasi, juu yake unatandika shitingi ya plastiki nzito, vipande vikilaliana santimetre 10 ao 20 na kubandikwa, ili maji ya sima yasiteremke. Sima ikipenya katika nafasi na kugusa dale, hapo umejenga daraja ya kelele.

Juu ya shitingi unamwaga shape ya santimetre 5 angalau, na treyi nyembamba ya chuma ndani yake ili isipasuke. Inyweshewe maji siku za kwanza, halafu ingoje. Kwa kukauka watu wanahesabu karibu juma moja kwa kila santimetre, na msimu wa mvua zaidi. Patron anayesukuma fundi aweke karo siku ya tatu atalipa tena mwaka ujao.

Sehemu ya mwisho ndiyo inaharibu kazi nyingi. Karo imewekwa, inabaki plento kando ya ukuta. Fundi anapenda kuibandika kwa sima, ikae juu ya karo, akamate vyote pamoja. Hapo ameunganisha sakafu na ukuta kwa mzunguko wa chumba chote, na desibeli zote ulizonunua zinapita kwa mlango huo mdogo. Plento ishikane na ukuta tu. Kati yake na karo iachwe nafasi ya milimetre chache, ijazwe na silikone inayobaki laini. Utepe ule wa kando ukatwe baada ya karo, kamwe si kabla. Tena kuta nyepesi za kugawanya biro zijengwe juu ya dale, si juu ya shape, kama sivyo kelele itapita pembeni kutoka chumba kimoja mpaka kingine.

Uzito, ngazi na kofrefor

Hapa ndipo mwandishi wa habari hii anaomba watu wasiende mbio. Shape ya santimetre 5 inaongeza karibu kilo 100 kwa kila metre karé. Biro ya metre karé 40 ni tone 4 mpya juu ya dale, kabla ya kuhesabu meza na watu. Katika majumba yetu, mengi yalijengwa etaje moja kwanza, halafu mwenye jumba akapata feza akaongeza nyingine, na hakuna anayejua ferabeto gani iko ndani ya nguzo. Tena tunaishi juu ya bonde la ufa: Bukavu haijasahau tetemeko la Februari 2008, na Goma iliona nyufa katika kuta na barabara baada ya Nyiragongo kutapika Mei 2021. Kwa jumba lililosimama tayari, kuongeza shape bila injinieri kukagua dale na nguzo si kazi ya kuzuia kelele, ni kucheza na maisha ya watu.

Kwa majumba ya namna hiyo kuna njia nyepesi: mati nyembamba ya mpira ao ya mpira na lieji, milimetre 3 mpaka 5, inabandikwa juu ya dale ao hata juu ya karo ya zamani, halafu karo mpya ao parke inakaa juu. Inapunguza kidogo kuliko shape inayoelea, desibeli 15 hivi kwa ile nzuri, lakini uzito wake si kitu. Masharti ni mawili: iwe ile iliyotengenezwa kwa kubeba karo, kwani mati laini kupita kiasi inavunja karo kwenye viungo, na plento zifuate kanuni ileile.

Shape inapandisha sakafu santimetre 7 ao 8. Milango itakatwa chini. Ngazi nayo itaharibika: daraja la mwisho litakuwa na kimo tofauti na mengine, na mtu akishuka usiku bila umeme ataanguka. Hilo lipangwe tangu mwanzo. Kooperative zenye kofrefor nzito zisiiweke juu ya tabaka laini kama meza ya kawaida. Pale chini panaomba hesabu yake peke yake.

Sakafu ya mbao ni sura ingine kabisa. Katika majumba ya zamani ya wakati wa Wabelgiji, na katika nyumba za mbao za Goma zenye etaje, hatua hazisikiki ko-ko-ko, zinasikika bum-bum. Sakafu nyepesi inaachilia sauti nene, na namba zilizoandikwa kwa tapi, ambazo zilipimwa juu ya beto nzito, hazitapatikana pale. Tapi itaondoa ukali wa kisigino lakini bum itabaki. Ulaya ya zamani walimimina mchanga mkavu kati ya mihimili ili kuongeza uzito, na wazo hilo bado ni zuri pale mihimili iko na nguvu ya kubeba. Kwa nyumba ya mbao zilizoliwa na mchwa, jibu lililo rahisi ni kuhamisha chumba cha wageni wengi kiende chini, na wenye kazi ya kimya wapande juu. Hata katika jumba la beto, kubadilishana vyumba kunagharimu kidogo kuliko sima yoyote.

Nani analipa

Kodi ya kazi ya Congo, sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaomba mwenye kuajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi pahali pa kazi. Kelele inayochosha watu kutwa haiko nje ya mazungumzo hayo, na wajumbe wa wafanyakazi wanaweza kuileta mezani. Lakini mwenye kuajiri aliyepanga biro chini hawezi kuvunja sakafu ya mpangaji wa juu. Kwa hiyo jambo lishughulikiwe kabla ya kutia sinyatire katika kontra ya kupanga. Enda uone biro siku ya kazi, si Jumapili. Muombe mtu mmoja atembee juu na viatu vigumu, avute kiti, aangushe kopo ya chuma, wewe uko chini umefunga mlango. Programu za simu zinazopima desibeli hazina uhakika, lakini kwa kulinganisha chumba kimoja na kingine kwa simu ileile zinasaidia.

Mwenye jumba akikubali kutengeneza, iandikwe nani ananunua vifaa, nani analipa fundi, na kama feza itakatwa kwa kodi ya miezi inayokuja. Na fundi asilipwe sehemu ya mwisho mbele ya jaribio lilelile la kiti na kopo. Kama bado kunasikika ko-ko-ko, chukua upanga wa karatasi, ile karte nyembamba ngumu, uipitishe kati ya plento na karo kuzunguka chumba chote. Pale inapokataa kupita na hakuna silikone laini, sima imefunga, na fundi apafungue kabla hajaondoa vyombo vyake.